Kaseti ya Mkwe Wangu

Watu wa mji wetu wametawanyika siku hizi, lakini nikikutana nao popote hunipa pole kwa ajili ya kaseti. Husema, pole sana bwana, ile ilikuwa hazina. Nami huwajibu kwamba pole yao wakae nayo. Kaseti iliungua pamoja na nyumba. Nyumba nimeililia, cherehani ya mke wangu nimeililia, hata kuku tuliowaacha uani nimewalilia. Kaseti sikuitolea chozi hata moja. Wananiona nina roho ngumu, na waendelee kuniona hivyo. Tuligombana juu ya kaseti ile ilipokuwa nzima, na katika ugomvi ule haki ilikuwa yangu. Bado ni yangu.

Yaliyoupata mji wetu baadaye, ukaungua na watu wakakimbia, yana wasimulizi wake. Mimi nasimulia ya kabla, miaka ile ya mwanzo gesi ilipogunduliwa chini ya bahari yetu, kusini ya mpaka na Mtwara, helikopta zikaanza kupita juu ya mapaa asubuhi na jioni, na kila mwenye chumba cha akiba akakigeuza cha kupangisha. Lakini inanibidi nianzie mbali kidogo, Ujerumani, maana bila kupita huko kisa changu hakishikiki.

Serikali ilipokuwa ikipeleka vijana Ujerumani ya Mashariki kufanya kazi viwandani, nilikwenda. Nilitoka kwetu kwa lori hadi njia panda ya Awasse nikiwa nimekalia sanduku langu la mbao, na kutoka hapo nikapokelewa na gari jingine, kisha jingine, kisha ndege. Wakaniweka katika kiwanda cha kufuma nguo, ndani ya ukumbi wenye mashine za kelele kiasi kwamba tulikuwa tukisemezana kwa mikono. Kila brigedi ya wafanyakazi ilipewa tiketi za utamaduni. Za mpira ziligombaniwa. Za sarakasi zilikwisha siku hiyo hiyo. Za opera zilibaki juu ya meza ya msimamizi mpaka zikashika vumbi.

Nilichukua moja kwa ubishi tu. Mwenzetu mmoja wa kusini mwa nchi, mtoto wa mjini, aliniona nikiitazama ile tiketi, akacheka. Akaniambia, wewe mla papa wa pwani, opera umeijulia wapi? Nilikuwa siijui. Lakini sikupenda kuambiwa kwamba siwezi kuijua. Nikaazima koti la suti, nikaenda, nikaketi karibu na msimamizi wetu, mzee mrefu, mkali kazini na mpole akishatoka nje ya lango la kiwanda.

Mwimbaji mkuu alipotokea nilivunjika moyo. Alikuwa mfupi, mnene, amevalishwa kama askari wa zamani, na upanga wake wa bati ulikuwa ukimgonga miguuni kila akigeuka. Nikasema moyoni, kumbe jioni yangu imekwenda bure. Kisha akafungua kinywa. Sauti yake ilikuwa ile ya juu ya kiume ambayo wenyewe wanaiita tenori, na jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta maikrofoni kwa macho. Haikuwepo. Mbele yake walijaa wapiga fidla na tarumbeta, ukumbi una ghorofa za viti hadi darini, na yeye alikuwa akimfikia kila mtu kwa kifua chake mwenyewe.

Hapa inanibidi nieleze desturi yetu. Katika maulidi pana mahali ambapo watu wote husimama, kiyamu, na miji yote ya pwani inapajua. Lakini kwetu watu hawasimami kwa sababu kitabu kimefika ukurasa fulani. Wanasimama kwa sauti. Anayeongoza huinua sauti peke yake, akaipandisha kidogo kidogo, na watu wameketi mikekani wanamngoja. Akifika juu kabisa, sauti ikatua pale na kukaa, ndipo wote hunyanyuka kwa pamoja. Asipofika, mji mzima hubaki haujui usimame au ukae, na hakuna aibu kubwa kwa mwimbaji kama hiyo.

Basi yule mtu mfupi alianza kupanda. Nilimtambua kabisa anachofanya, kwa sababu nilikuwa nimekulia mikekani nikikisikiliza. Alipanda, akapanda, na alipokaribia juu akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaipunguza sauti. Akaipunguza hata nikaogopa, nikadhani pumzi zimemwisha. Halafu nikamwona yuko juu, ametua, sauti imekaa. Nikasimama. Nikasema "Allah!" kwa sauti ya kusikika, kama ninavyosema kwetu.

Ukumbi mzima ulikuwa umeketi. Waliokuwa nyuma yangu walianza kunizomea kwa minong'ono, na msimamizi akanishika pindo la koti akanivuta chini. Sikukaa. Nilisimama mpaka sauti ile ilipokwisha, ndipo nikakaa. Bwenini walinicheka kwa majuma, wakanipa jina la utani, na kila nikiingia kuoga mtu mmoja husimama akapaza sauti. Sikuona haya wakati ule na sioni sasa. Mtu akifanya jambo kama lile mbele yako, na wewe umeketi umekunja nne, mwenye kasoro ni wewe.

Msimamizi aliniuliza sababu. Nilimweleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza, habari ya mikeka na ya kungoja. Akanialika kwake Jumapili. Kumbe alikuwa na santuri na sahani zake amezipanga kabatini, hazishikwi na mkono wenye mafuta. Akanisikilizisha waimbaji wa sauti ile ile waliomtangulia huyu wetu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekutambulisha kwa wajomba zake.

Wa kwanza alirekodiwa zamani sana, akiimba ndani ya pembe la bati. Alisikika kama mtu aliyefungiwa ghalani, lakini hata kupitia ukuta ule wa mikwaruzo nilisikia kifua kipana na mtu asiye na wasiwasi. Wa pili alikuwa na machozi. Kila mstari alikuwa amefiwa. Nilimpenda kwa dakika chache, halafu akanichosha, kwa sababu hata matanga huanuliwa. Wa tatu alikuwa safi, kila sauti imepigwa pasi na kukunjwa. Huyo nilimheshimu, ila sikupata hamu ya kumsikia tena. Msimamizi alifunga kabati akasema kwamba yule tuliyemwona ni mzuri, lakini hafiki hata magotini mwa hawa watatu.

Nilimkatalia. Nilimwambia, hawa watatu ukiwasikiliza unajua watafika, kwa sababu sahani imeshafika zamani. Sahani haiwezi kushindwa. Yule wa juzi angeweza kushindwa mbele yetu, na yeye alijua, na akaipunguza sauti makusudi pale penye hatari. Nilisimama kwa sababu hiyo. Mzee akatikisa kichwa, akasema baba yake alimsikia kwa masikio yake yule wa kwanza, wa pembe la bati, na hakupata tena mtu wa kumlinganisha naye. Nikamwuliza, na baba wa baba yako alisemaje? Akakiri kwamba babu yake naye alikuwa na mtu wake wa zamani zaidi, ambaye hakurekodiwa. Nikamwambia, basi mwimbaji bora kuliko wote ni Nabii Adamu. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nchi ile ilipokwisha tulirudishwa kwetu. Wenzangu walileta pikipiki na friji. Mimi nilileta redio kaseti kubwa ya kurekodia na koti jeusi. Nikaoa, na kwa desturi yetu nikahamia upande wa mke wangu, katika uga wa wazazi wake. Baba yake, mkwe wangu, ndiye aliyekuwa akiongoza maulidi mjini, kama baba yake mwenyewe alivyokuwa akiongoza kabla yake. Alikuwa na sauti nene chini na kali juu. Na wazee wa wakati ule, Mungu awarehemu, hawakuacha kusema kwamba ni mzuri lakini hamfikii marehemu baba yake, ambaye eti alikuwa akisikika hadi Namoto mpakani. Mtu anayesikika kutoka kwetu hadi Namoto si mwimbaji tena, ni king'ora. Lakini hivyo ndivyo walivyosema, na mkwe wangu aliishi akisikia hivyo.

Mwaka mmoja nilimwomba ruhusa nimrekodi. Nikaweka redio yangu ukingoni mwa mkeka, karibu na pazia lililotenga upande wa wanawake. Mkwe alikuwa ameanza kuzeeka. Alipanda vizuri, na karibu na juu sauti ikamkatika. Ikakatika kweli, pakabaki kimya. Kisha nyuma ya pazia binti yake, yaani mke wangu, akaichukua pale ilipoangukia, akaiinua, baba yake akaipokea kwake, akaiweka juu, watu wakasimama. Yote hayo yalikuwemo katika kaseti: kukatika, kimya, sauti ya mwanamke, na mchakacho wa kanzu za watu wanaonyanyuka.

Kufikia mwaka uliofuata mji ulikuwa umesahau kwamba kulitokea lolote. Walichokumbuka ni kwamba walisimama. Na alipofariki ndiyo kabisa, ikawa sauti yake haikupata kukatika tangu azaliwe. Marehemu hana kikohozi. Kaseti niliiweka ndani ya kopo la biskuti pamoja na karafuu za kufukuza mende, na sikuipiga mbele ya mtu. Mji ulijua ninayo, maana waliniona nikirekodi. Kilichomo hakuna aliyekisikia isipokuwa mimi na mke wangu.

Wala sikuweza kukisema. Kwetu mkwe ni mkwe. Huli mbele yake, humtaji jina, humpiti ukiwa umesimama naye ameketi. Akishafariki heshima hiyo inazidi. Aibu ya baba mkwe haitoki katika kinywa cha mume wa binti yake, hata apigwe.

Aliyechukua nafasi yake ni mwanawe, shemeji yangu, fundi seremala, ambaye mwaka ule wa kaseti hakuwepo mikekani, alikuwa Mtwara akijifunza ufundi. Miaka ile ya gesi alikuwa na kazi isiyokwisha ya vitanda, kwa sababu ya vile vyumba vya kupangisha, na kila ukimwona ana unga wa mbao hadi kwenye kope. Sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ya baba. Siku ya kwanza nilipomsikia akiongoza nilisisimka mwili mzima, kwa sababu alipokaribia juu aliipunguza. Hakuna aliyemfundisha. Hakupata kuona opera, hajavuka mpaka zaidi ya Mtwara. Alifanya jambo lile lile la yule mtu mfupi mwenye upanga wa bati, na akafika, na tukasimama. Nikiwa natoka nikamsikia mzee mmoja akimwambia mwenzake, ameimba, lakini baba yake! Nilimgeukia nikamtazama hata akashuka ngazi nyingine.

Ndipo kamati ya maulidi ilipokuja kwangu. Waliongozwa na mwenyekiti, mzee mwenye duka la vyombo, akifuatana na kijana mmoja wa ofisi ya wilaya, mtumishi aliyeletwa kutoka kusini, mwenye adabu na viatu vinavyong'aa. Niliwakaribisha barazani.

"Bwana, tumekuja kwa heri," mwenyekiti alianza. "Mwaka huu maulidi yatasomwa alasiri, wapate kuja wageni. Serikali inakuja, na watu wa kampuni ya gesi wanakuja, wanataka kuona mambo yetu. Tumepata makoluna makubwa ya kupazia sauti kutoka Pemba, huko mkoani, mji mzima utasikia. Sasa tumeonelea, pale kwenye kiyamu, apigwe marehemu."

"Apigwe vipi?"

"Ile kaseti yako. Wageni wasikie sauti yenyewe."

"Na shemeji yangu?"

"Ataongoza mwanzo na mwisho. Hatumnyimi haki yake. Lakini pale juu, wewe mwenyewe unajua."

"Sijui. Niambie."

"Hafiki kama baba yake."

"Kaseti sitoi," nikasema.

Yule kijana wa wilaya akajisogeza mbele kidogo, akaomba radhi kwa Kireno. "Com licença, senhor. Kitu kama kile ni património, urithi. Si mali ya mtu mmoja, ni ya taifa zima."

"Mwanangu," nikamwambia, "nilipokuwa nabonyeza kitufe taifa halikuwepo. Tulikuwa mimi na mbu."

Mwenyekiti hakucheka. Aliniuliza kama kweli ninawanyima watu sauti ya mkwe wangu mwenyewe. Nikasema ninawanyima. Akaniuliza kwa nini. Na hapo maneno yalinijaa mdomoni, yote, kwamba siku ile alikatika na nyinyi wote mlikuwepo, na wewe mzee ulikuwa umekaa safu ya mbele umefungua kinywa. Nikayameza. Nikajibu, "Kwa sababu mwimbaji yupo, hai, anaranda mbao hapo nyuma ya nyumba."

"Huyo tumeshamsikia," mwenyekiti akasema, akaomba ruhusa ya kuondoka.

Kabla ya swala iliyofuata mji ulikuwa umejaa habari. Wakasema nina choyo. Wakasema Ujerumani ilinilevya na ulevi haujanitoka. Mmoja akasema nimeifuta kaseti kwa kurekodia taarabu na naona aibu kusema. Nilipita sokoni nikiwa nimeinua kichwa na kununua samaki wangu kama kawaida. Mwenye kutaka kuninunia alininunia, na mimi nikamnunia zaidi.

Shemeji alinijia, au niseme nilimwendea, maana ua ni mmoja. Alikuwa akichonga mguu wa kitanda na hakuinua uso.

"Shemeji, wape tu," alisema.

"Wakiipiga, wewe utaimba?"

"Nitaimba mwanzo na mwisho, kama walivyopanga."

"Na mwaka ujao?"

Akapuliza unga wa mbao. "Mwaka ujao kaseti itakuwa bado ipo. Wakishaonja, hawatamwita mtu pale penye chombo. Nitakaa na wapokeaji, niitikie nao." Alilisema bila uchungu, na kwa sababu hiyo nilijua ameshaliamua. Wakiipiga mara moja tu, hatapanda tena maisha yake.

"Baba yako naye aliambiwa hamfikii babu yako," nikamwambia.

"Ni kweli. Lakini hakuna aliyempigia kaseti ya babu." Ndipo akanitazama. "Shemeji, wewe ulikuwepo na chombo kilikuwa mikononi mwako. Baba alikuwa akinizidi?"

Sijapata kuteswa na swali kama lile. Jibu nilikuwa nalo ndani ya kopo la biskuti, hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Ningeweza kumwekea akasikia mwenyewe. Lakini ningekuwa nimemchukua baba yake kaburini nikamwangusha mbele ya mwanawe, na mimi ni mkwe. Nikamwambia, "Alipanda kama unavyopanda wewe, hajui kama atafika." Hakuelewa, nami sikuweza kuongeza.

Jikoni mke wangu alikuwa akikuna nazi. Aliniuliza kama wamekuja, nikasema wamekuja. Akauliza kama nimewapa, nikasema sikuwapa.

"Ungewapa ningekufukuza," akasema. Angeweza kweli, nyumba ilikuwa ya kwao.

"Basi mwambie ndugu yako kilichomo."

Aliendelea kukuna. "Baba yangu alianguka na mimi nikamwokota, na hilo lilikuwa letu sisi wawili. Sasa waliweke kwenye makoluna, helikopta zilisikie? Wewe ni mkwe wake, mimi ni mtoto wake. Nani kati yetu atamwaibisha?"

"Lakini ndugu yako anataka kuacha."

"Nikimwambia ataimba ili amshinde baba. Sitaki amshinde mtu. Nataka aimbe." Akakung'uta mbuzi, akanipa vifuu nikavimwage, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sikuwapa. Walirudi tena, wakamtuma imamu, wakamtuma mjomba wa mke wangu, na wote niliwapa chai tu. Mwisho mwenyekiti alinisimamisha nikipita dukani kwake, mbele ya watu, akasema kwa sauti, "Yakiharibika, yamekuwa juu yako." Nikasema yawe juu yangu, nina mabega.

Siku ilipofika uwanja mbele ya msikiti wa Ijumaa ulijaa. Wageni walikalishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakubwa wa serikali mbele, watu wa kampuni nyuma yao na fulana zao za kung'aa. Sisi tulikuwa mikekani, na wanawake upande wao nyuma ya pazia. Makoluna yalisimama pande mbili, marefu kuliko mlango wa msikiti. Nilivaa koti langu jeusi la Ujerumani juu ya kanzu, ingawa jua lilikuwa kali, na mwenyekiti akaketi nyuma yangu hasa. Nadhani alitaka kuniona vizuri nikiumbuka.

Shemeji alikuja amekoga, hana hata chembe ya unga wa mbao. Kijana wa makoluna akamsogezea maikrofoni. Shemeji akaitazama, akaichukua na kuwawekea wapiga dufu. "Mimi sina mazoea nayo," akasema. Nikafurahi peke yangu.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Matari yalikolea, wapokeaji walipokea, hata yule kijana wa wilaya alikuwa akitikisa goti. Kisha matari yakanyamaza, shemeji akabaki peke yake, akaanza kupanda. Nilifumba macho. Alipanda taratibu, kila hatua akiikanyaga sawasawa, na nilisikia watu wakiacha kujikuna na kukohoa. Alipokaribia juu akaipunguza, kama kawaida yake. Akaipunguza, akaipunguza.

Ikamkatika.

Baadaye wenye huruma walisema ilikuwa helikopta. Haikuwa helikopta, mbingu ilikuwa kimya. Sauti ilimkatika kama inavyoweza kumkatika yeyote anayepanda kweli. Nilifungua macho nikamwona amesimama mdomo wazi, na uwanja mzima umeketi. Wageni hawakujua kama kuna lolote. Sisi wote tulijua. Mtu mmoja kushoto kwangu akaguna, na nikajua mguno ule ukipata wenzake wawili watatu, shemeji yangu amekwisha.

Nikasimama.

Hapakuwa na sauti ya kusimamia. Nilisimama hivyo hivyo, peke yangu kati ya mji mzima uliokaa, nikasema "Allah!" kwa nguvu zangu zote. Watu wakanigeukia. Nikasikia mkono ukinishika pindo la koti kwa nyuma, na sauti ya mwenyekiti ikininong'oneza kwa hasira, "Kaa chini, we mtu, unatuaibisha!" Akanivuta. Nikakaza miguu. Nilikuwa nimeshavutwa koti duniani na watu wenye ukumbi mkubwa kuliko wake, na sikukaa.

Ndipo nyuma ya pazia mke wangu akaichukua. Hakuwa binti tena, sauti yake ilikuwa imeingia mkwaruzo, lakini aliiokota pale pale ilipoanguka, akaiinua kidogo tu, kiasi cha mtu kuweza kuifikia. Ndugu yake akageuza uso kuelekea pazia. Akavuta pumzi, akaipokea. Na safari hii hakuipunguza, aliipandisha moja kwa moja akaiweka juu, ikatua, ikakaa.

Nilisikia mchakacho wa kanzu, ule niliokuwa nao katika kopo la biskuti miaka yote. Mkono wa mwenyekiti ulikuwa bado haujaachia koti langu. Alikuwa mzee, magoti yake mabovu, na bila kitu cha kushika asingeweza kunyanyuka kutoka mkekani. Akalishikilia pindo kwa mikono yote miwili, akajivuta, akasimama.